HDR katika matangazo ya michezo: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba HDR ni jina jingine la 4K, pengine kwa sababu wauza televisheni huzibandika alama zote mbili kwenye boksi moja. 4K ni hesabu ya pikseli, ilhali HDR ni uwezo wa picha kubeba giza na mwanga mkali kwa pamoja bila kupoteza kilichomo upande wowote. Kimoja chaweza kuwepo bila kingine: Super Bowl (fainali ya mpira wa miguu wa Kimarekani) ya Februari 2020 iliwafikia Wamarekani kwa 4K kupitia chaneli ya Fox, lakini ilitayarishwa kwa 1080p, yenye pikseli chache kuliko 4K, ikiwa na HDR, kisha picha ikakuzwa.

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi katika mechi ya alasiri, paa la jukwaa linapotupa kivuli juu ya nusu ya uwanja. Katika picha ya kawaida, fundi aliye ndani ya gari la matangazo hana budi kuchagua: akifungua lenzi ili winga aliye kivulini aonekane, upande wa jua hugeuka weupe mtupu; akiibana, winga hubaki umbo jeusi lisilosomeka hata namba mgongoni. Ndiyo maana krosi ndefu inapovuka mpaka wa kivuli, picha nzima hubadilika mwanga ghafla. HDR humpunguzia fundi mashaka hayo, ingawa haimwondolei kazi.

Wengine hudhani HDR ni picha inayowaka kila mahali. Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, unapendekeza weupe wa kawaida, kama wa karatasi, uwe niti 203 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini) kwenye skrini inayofikia niti 1,000. Nafasi iliyobaki juu ni ya taa za uwanja au mng'ao wa kombe. Mtayarishaji anayeipandisha jezi nyeupe hadi kileleni huwaumiza watazamaji macho bure.

Si kweli pia kwamba wenye televisheni za zamani wamesahaulika. Mara nyingi mechi hutayarishwa mara moja tu, na toleo la kawaida huzalishwa kutoka kwenye lile la HDR kwa kanuni maalumu za ubadilishaji; mafundi wengi huongozwa na toleo hilo la kawaida, kwa kuwa ndilo lenye watazamaji wengi. HLG, mfumo mmojawapo wa HDR uliobuniwa na BBC pamoja na NHK, shirika la utangazaji la Japani, na kutumiwa na BBC iPlayer katika Kombe la Dunia la 2018, ulikusudiwa kurahisisha matoleo hayo mawili kuishi pamoja: sehemu ya chini ya mkunjo wake wa mwanga, yaani kanuni inayogeuza mwanga kuwa ishara, inafanana na ile ya mfumo wa zamani.

Kununua televisheni ya HDR, hata hivyo, hakuigeuzi kila mechi kuwa HDR. Chaneli ikirushwa kwa mfumo wa kawaida, au king'amuzi kisipoweza kuipitisha ishara hiyo, televisheni hubaki kukisia tu mwanga ambao haikuletewa.