Shahada ya taaluma mseto si ya walioshindwa kuchagua

Mtu akisema anasoma shahada inayochanganya historia, siasa, fasihi na sayansi, wengi humwona kama aliyeshindwa kuchagua, na alama zake nzuri huhesabiwa kuwa za mteremko. Si kweli hata kidogo. Mfano ni mwanaanga Mae Jemison, aliyeingia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akiwa na miaka 16. Mwaka 1977 alihitimu uhandisi wa kemikali, huku akiwa ametimiza pia masharti ya shahada ya taaluma za Afrika na Wamarekani weusi. Baadaye akasomea udaktari, akafanya kazi Sierra Leone na Liberia, na Septemba 1992 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufika angani.

Ugumu wa masomo haya uko kwenye kuunganisha. Anayeandika tasnifu kuhusu kipindupindu mjini lazima achambue takwimu za wagonjwa, apekue nyaraka za zamani za mitaro ya maji taka, kisha aketi na kina mama wanaochota maji awasikilize. Na msimamizi wa takwimu hatamsamehe makosa ya hesabu eti kwa sababu sura ya historia imekaa vizuri.