Kuunganisha MBA na hesabu ya makreti matupu

Matokeo ya mwaka wa mwisho yakishatoka, simu yangu haipumziki. Swali ni lile lile: "Mwalimu, niunganishe MBA au nitafute kazi kwanza?" Yaani atoke shahada ya kwanza moja kwa moja hadi MBA, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Nafundisha masomo ya fedha kwenye madarasa ya jioni hapa Dar es Salaam, na pembeni nawasaidia vijana kuandaa maombi ya vyuo vya nje. Huwa nawajibu: kafanye kazi kwanza. Ila sababu yangu siyo ile wanayoitegemea.

Wengi wanadhani uzoefu ni sharti la kwenye fomu tu. Sharti kweli lipo. AMBA, chombo cha London kinachotoa ithibati kwa programu za MBA, kinataka mwanafunzi awe amefanya kazi angalau miaka 3 baada ya shahada ya kwanza. Pale INSEAD, chuo cha biashara cha Fontainebleau, Ufaransa, wanafunzi wengi wanakaribia miaka 30. Huku kwetu, ukiwa na GPA nzuri na ada mkononi, hutakosa pa kupokelewa hata kama hujawahi kusaini daftari la mahudhurio kazini. Sasa ukishapokelewa, darasani utachangia nini?

Jioni moja niliwapa kisa cha wakala wa soda. Mizania, yaani hesabu ya mali na madeni, ilionyesha bidhaa tele ghalani, benki hela kiduchu. Kijana mmoja, ametoka chuo na daraja la kwanza mwaka uleule, akapiga uwiano wake haraka kuliko mimi, akahitimisha: biashara iko salama, auze mzigo uliopo alipe madeni. Nyuma kulikuwa na dada aliyesimamia depo ya vinywaji miaka sita. Akaangua kicheko. "Mdogo wangu, nusu ya huo mzigo ni makreti na chupa tupu. Utamuuzia nani?"

Akasimama kutueleza. Wakala anaweka dhamana ya kreti na chupa, siyo soda peke yake. Mwenye duka akikawia kurudisha tupu, hela ya wakala imelala dukani kwa mtu. Na bila tupu hapati mzigo mpya, kwa hiyo Idi inamkuta ana wateja mlangoni na hana cha kuwauzia. Alizungumza kama dakika kumi hivi, na slaidi zangu nikazifunga. Yule kijana hakukosea hesabu hata moja. Depo tu ndiyo hajawahi kuingia.

MBA inafundishwa namna hiyo. Harvard, mwanafunzi hupitia visa vya biashara kama 500 kwa miaka miwili, na kwenye masomo mengi nusu ya alama zinatokana na kuchangia darasani. Mwenye la kusimulia anawafundisha wenzake. Asiyenalo analipa ada ili awasikilize.

Hapo mtu ataniuliza, kazi zenyewe ziko wapi? Nakubali, mtaani ni kugumu. Lakini kuifanya MBA chumba cha kusubiria ajira nimeona kunavyowagharimu watu: unatoka na shahada mbili na CV yenye fildi ya wiki nane, mwajiri anahofia utataka mshahara mkubwa kwa kazi ambayo bado atakufundisha.

Tena uzoefu siyo lazima uwe wa ofisini. Nimesoma CV ya mtu mwenye miaka mitano benki, na cha mwaka wa tano hakikuwa tofauti na cha mwezi wa kwanza. Nikasoma nyingine iliyoandikwa "sina uzoefu". Kumbe mwenyewe aliuza mitumba muda wote wa chuo. Aliwahi kufungua belo akakuta makoti mazito matupu, Dar, mwezi wa kwanza! Nikamuuliza ulifanyaje. Akasema aliyasukuma kwa wafanyabiashara wa Makete na Njombe kwa bei ya hasara ndogo, na tangu hapo hanunui belo asilojua limetoka wapi. Hiyo ndiyo insha ya maombi.

Wapo ninaowaambia waunganishe. Anayetaka kufundisha chuo kikuu, aende, njia yake ni tofauti. Anayetaka kubadili fani mapema aangalie shahada za uzamili za menejimenti zinazolenga wahitimu wapya, London Business School wanayo. Na aliye mwaka wa mwisho na alama kali aitazame programu ya 2+2 ya Harvard: unaomba ukiwa bado chuoni, ukikubaliwa unahifadhiwa nafasi. Ila hata hao wanakutuma kazini kwanza, angalau miaka miwili.

Kitu kimoja usikisubirishe: GMAT, mtihani wa kuombea vyuo vya biashara. Matokeo yake yanadumu miaka 5, kwa hiyo ifanye sasa hivi wakati hesabu bado zimo kichwani. Kisha ukiingia kazini, nunua daftari, kila Ijumaa andika ulichoamua wiki hiyo na kilichotokea, pamoja na kiasi cha fedha. Ukifika mwaka wa tatu, bosi wako atakuwa ameshasahau nusu ya mambo hayo, na barua ya kukupendekeza ataiandika yeye; daftari ndilo litakalomkumbusha.