D si mahali pa nakala

Mafundi wengi wa Mtwara mjini watakwambia: weka picha za harusi na hesabu za korosho kwenye D (sehemu ya pili ya diski ya kompyuta), hata C (sehemu yenye Windows) ikifa ziko salama. Hiyo ni nusu ya ukweli. Windows ikiwekwa upya kwenye C, vya D hubaki, mradi fundi asifute sehemu zote (wapo wanaofuta bila kuuliza). Lakini C na D ni vyumba vya nyumba moja: diski yenyewe ikifa, vyote vimekwenda. Nakala ikae kwenye kifaa kingine.

Flashi ya kurejesha mfumo (Windows ikiharibika) nayo hailindi picha. Windows hutaka yenye walau GB 16, hufuta kila kilichomo, na faili zako haizibebi. Tengeneza flashi hiyo wakati kompyuta bado inawaka.