Je, wajua kwa nini Wamoravian huianza Pasaka makaburini?

Alfajiri ya Jumapili ya Pasaka, kabla hakujapambazuka, Wamoravian wengi wa Mbeya na Rungwe, yaani waumini wa Kanisa la Moravian, wanakuwa wameshafika makaburini. Kuna mchungaji, kuna kwaya, mara nyingi kuna na matarumbeta. Mpita njia asiye na habari hudhani watu wanazika. Kumbe wamekuja kusema kwa sauti kwamba Bwana amefufuka, na wamechagua kulisema hilo mahali ambapo ni vigumu kuliko pote kulisema.

Desturi hii ilianza mwaka 1732 huko Herrnhut, kijiji kilicho mashariki mwa Ujerumani. Miaka kumi kabla ya hapo, wakimbizi wa imani kutoka Moravia, eneo lililo katika Cheki ya leo, walikuwa wamepewa hifadhi katika shamba la Nikolaus von Zinzendorf, mtawala mdogo aliyekuwa mcha Mungu. Walikuwa wameacha nyumba na ndugu zao. Pasaka ya mwaka huo, kundi la vijana wa kiume ambao hawajaoa liliamka usiku, likapanda kilima cha Hutberg palipo na makaburi ya kijiji, likaimba na kutafakari ufufuo hadi jua lilipochomoza. Mwaka uliofuata usharika mzima ukaenda nao.

Mwaka huohuo wa 1732 Herrnhut ilituma wamisionari wake wa kwanza, Leonhard Dober na David Nitschmann, kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Waliowafuata katika kisiwa jirani cha St. Croix walikufa wengi kwa homa, tena kwa muda mfupi. Habari za vifo zilipofika nyumbani, wengine walijitolea kwenda kuziba nafasi zao. Sidhani kama mtu anaweza kufanya hivyo kwa ushupavu tu. Walikuwa na jambo waliloliamini kuhusu kaburi.

Jambo lenyewe ni lipi? Hapa Wakristo wengi, hata sisi tuliozaliwa kanisani, hatulielezi vizuri. Tukienda msibani tunasema marehemu amepumzika, roho yake iko mbinguni, basi. Ni kweli tunaamini aliyekufa katika Kristo yuko salama kwake. Lakini Imani ya Mitume, ile tunayoikiri kila Jumapili, haiishii hapo: inataja ufufuo wa mwili. Mikono iliyokuandikia barua, macho uliyoyafumba kwa vidole vyako hospitalini, Mungu hajayatupa. Ndiyo maana ibada inafanyika penye udongo wenyewe. Kama tumaini lingekuwa la roho peke yake, makaburini tungefuata nini?

Mtume Paulo aliliweka wazi katika 1 Wakorintho 15. Kama Kristo hakufufuka, anasema, imani yenu ni bure. Hakuacha mlango wa nyuma wa kutokea. Kisha anamwita Kristo aliyefufuka limbuko lao waliolala. Mkulima anajua: limbuko ni mazao ya kwanza kuiva, na yakishaonekana hakuna anayeuliza tena kama shamba litazaa, anajua mengine yako njiani. Katika sura hiyohiyo mauti inaitwa adui wa mwisho. Nalipenda sana neno hilo, adui, kwa sababu linampa mfiwa ruhusa ya kutokubaliana na kifo. Tunawaambia watu, "Mungu kampenda zaidi," wanabaki kimya na maumivu yao. Lakini Yesu mwenyewe alilia akielekea kwenye kaburi la Lazaro, huku akijua anakwenda kumfufua. Paulo naye anapowaandikia Wathesalonike hawakatazi kuhuzunika. Anachotaka ni wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini.

Kuhusu saa, sababu iko katika Injili ya Marko. Wanawake walikwenda kaburini mapema sana, jua lilipoanza kuchomoza, wamebeba manukato ya kumpaka maiti. Njiani walikuwa wakiulizana nani atawavingirishia lile jiwe. Hawakwenda na tumaini lolote, walikwenda kumaliza shughuli ya mazishi. Ibada ya alfajiri inawaweka waumini katika nyayo za wanawake wale: unaondoka nyumbani gizani, na mapambazuko yanakukuta umesimama kati ya makaburi.

Mchungaji hutangaza, "Bwana amefufuka!" na watu hujibu, "Amefufuka kweli kweli!" Hufuata ukiri mrefu wa imani, kisha sehemu ambayo kwangu ndiyo moyo wa ibada nzima. Liturgia inawakumbuka ndugu waliolala tangu Pasaka iliyopita, na kumwomba Mungu awaweke walio hai katika ushirika wa milele pamoja nao. Tangu Pasaka iliyopita tu. Yaani msiba wako wa mwaka huu, ambao majirani wameshaacha kuuzungumzia, unatajwa mbele ya usharika wote. Nimewahi kusimama nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akiimba bila kukosea hadi pale, akanyamaza ubeti mzima huku akiwa ameshika msalaba wa saruji, halafu akaingia tena kwenye kiitikio kwa sauti ya juu kuliko ya mwanzo.

Huko Salem, North Carolina, Marekani, ambako ibada hii imekuwapo tangu 1772, makaburi yana mawe bapa ya kipimo kimoja, tajiri na fukara sawa. Watu huyasugua na kuyawekea maua siku ya Jumamosi. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na leo hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Kwa hiyo ibada iliyoanza na vijana wachache kilimani Herrnhut sasa ina wenyeji wengi zaidi hapa kwetu.

Kuna wanaoiona ibada hii wakasema ni kuombea wafu au kuabudu mizimu. Sivyo. Hakuna anayezungumza na marehemu wala kuwaomba kitu. Shukrani na maombi yote yanaelekezwa kwa Mungu, kwa jina la Kristo. Kama una mashaka, au kama mwaka huu umezika mtu na Pasaka inakujia vibaya, uliza ratiba kwenye usharika wa Moravian ulio karibu nawe wakati wa Ijumaa Kuu. Si lazima uwe Mmoravian. Beba sweta na tochi.