Mvua inanyesha, fundi panda uone panapovuja: maneno ya kila masika na ukweli wake

Kuanzia mwezi wa nne simu yangu hailali, na karibu kila anayepiga hapa Amu, yaani mji wa Lamu, ana maneno yale yale, fundi njoo sasa hivi kabla mvua haijakatika upande juu uone panapovuja. Nikimwambia nakuja saa hii lakini juu sipandi mpaka pakauke, anaona namzungusha, anaita kijana wa mtaani na yule kijana anapanda kweli, tena na ndara. Hili ndo linaloniuma kuliko yote kwa hiyo wacha nilieleze mpaka mwisho.

Jamani, mvua ikinyesha tundu halionekani kutoka juu. Bati lote linatiririka maji, utatofautisha vipi maji yanayoingia na yanayopita? Na pale yanapodondokea ndani si lazima pawe chini ya tundu. Maji yakipenya kwenye msumari uliolegea yanashika kombamoyo, ule mti wa paa unaoshuka kutoka kileleni, yanateremka nalo mpaka yakute fundo au pao, ule mti mwembamba uliokatiza, hapo ndo yanadondoka, beseni liko chumbani kumbe tundu liko huko juu karibu na kilele cha paa.

Kazi ya wakati wa mvua ni ya ndani. Chukua tochi, fuata ule mti uliolowa kuelekea juu, usiteremke nao, mpaka ufike pale ukavu unapoanzia, weka alama kwa chaki au mkaa, pima umbali wake kutoka kuta mbili. Basi, sogeza kitanda, tega beseni, lala. Pakishakauka mmoja anakaa ndani anagonga bati kwa fimbo pale penye alama, wa juu anasikia anaenda moja kwa moja. Nimeshaona watu wanabandua nusu ya paa kutafuta msumari mmoja.

Na hata ukibahatika kuliona tundu kwenye mvua utaliziba na nini? Lami na silikoni hazishiki bati lililolowa, unapaka juu ya maji na mvua ya pili inabandua. Yaani umehatarisha shingo yako bure kabisa. Bado sijataja ule ukungu wa kijani unaoota kwenye mabati ya zamani, ukilowa hata uvae kiatu gani unateleza. Na waya wa stima unaopita ukingoni mwa paa, plastiki yake imepasuka kwa jua miaka yote hii. Watu wananiambia fundi nimezima meni switchi. Meni switchi inazima ndani ya nyumba tu, waya unaotoka kwenye nguzo una moto vile vile.

Lingine wanalosema, bati halijatoboka basi lina nguvu. Si kweli. Sisi tuko na bahari, chumvi inalila kwa chini wakati juu bado linang'aa. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, ndo penye mti, na bora zaidi ulaze ubao mpana ukanyage huo.

Makuti nayo wanasema ni laini hayana hatari. Fito na kamba zinaoza kabla makuti hayajaonyesha dalili, mguu unazama mpaka pajani. Laza ngazi juu ya paa, ifunge kwa juu, utembee kwenye ngazi.

Kamba kiunoni inatosha? Haitoshi, ukidondoka inakubana tumbo na mbavu. Unataka mkanda unaopita mapajani na mabegani, na usiufunge kwenye mlingoti wa antena tafadhali.

Ngazi ndo tatizo letu hasa mjini. Kanuni ni kila futi nne za kwenda juu mguu wa ngazi utoke ukutani futi moja, na ncha ipite ukingo wa paa futi tatu. Sasa kwenye vichochoro vyetu nafasi hiyo utaitoa wapi, ngazi inasimama wima kama mlingoti halafu anapita punda na magunia ya mchanga. Lazima mtu asimame chini, si mtoto, na ncha ifungwe. Kama nyumba ina ngazi ya ndani mpaka juu tumia hiyo, hata kama mwenyewe hataki mpite na viatu sebuleni, atafagia.

Mwisho kuna wanaosema mvua zimekatika sasa ni salama, mwezi wa saba wa nane. Hapo upepo wa kusi unavuma kisawasawa, na bati la futi kumi mikononi mwa mtu mmoja ni tanga. Libebeni wawili au liacheni chini siku hiyo. Mimi napanda mnamo saa tatu asubuhi, umande umeshakauka na upepo haujashika kasi, alfajiri sipandi, na bati likianza kuchoma kiganja nateremka.