Je, wajua nani hutoa amri mafuriko yakipiga Budalang'i?

Mto Nzoia ukivunja kingo zake Budalang'i, kaunti ya Busia, lawama za kwanza humwendea gavana. Wengi wanaamini kwamba tangu Katiba ya 2010 yeye ndiye mkubwa wa kila kitu katika kaunti, chifu na polisi wakiwemo. Sivyo. Chifu anayepita boma hadi boma akihimiza watu wahamie nyanda za juu yuko chini ya kamishna wa kaunti, na kamishna yuko chini ya wizara ya usalama wa ndani, Nairobi. Polisi nao wanaamriwa na Inspekta Jenerali. Gavana hawezi kumwagiza hata naibu wa chifu. Ni kweli sheria ya polisi ya 2011 inampa yeye, au waziri wake wa kaunti, uenyekiti wa mamlaka ya polisi ya kaunti. Lakini chombo hicho hupendekeza vipaumbele na kufuatilia utendaji wa polisi, hakitumi askari popote.

Gavana ana zimamoto, ambulensi, hospitali na hazina ya dharura, ambayo malipo yake kwa mwaka hayaruhusiwi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Usimamizi wa majanga wenyewe, Jedwali la Nne la Katiba limezipa zote mbili, serikali kuu na serikali ya kaunti.

Serikali hizi mbili hufanyaje kazi moja? Tazama matanga ya huku magharibi. Wazee wa ukoo huamua kaburi lichimbwe wapi, mchungaji huongoza ibada, na hakuna anayemwamrisha mwenzake. Maziko huenda vizuri kwa sababu kamati ilikaa mapema ikagawa kazi na saa. Isipokaa, jeneza hubaki juani watu wakibishana.

Nzoia inafanya kikao hicho kiwe cha lazima zaidi. Maji yake hutoka milima ya Cherang'any na Elgon, yakapita kaunti kadhaa kabla ya kuingia Ziwa Victoria, kwa hiyo Budalang'i inaweza kufurika chini ya jua kali. Utabiri uko kwa Idara ya Hali ya Hewa, vipimo vya kina cha mto viko kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, zote za serikali kuu. Namba inayosomwa kwenye kipimo cha daraja la Rwambwa haina faida mpaka imfikie naibu wa chifu kijijini na dereva wa ambulensi ya kaunti kwa wakati mmoja.

Kwenye baraza lijalo, muulize chifu ni shule ipi itakayopokea watu, kisha muulize msimamizi wa wadi, ambaye ni afisa wa serikali ya kaunti, nani ataleta mahema na maji safi hapo.