Je, wajua? Baraka ya Waayalandi haimwombei msafiri barabara iinuke

Kwenye vikombe na kadi za harusi husomwa baraka maarufu ya Ayalandi: barabara na iinuke kukulaki, upepo uwe mgongoni mwako, jua likuangaze usoni. Lakini barabara inayoinuka ni mlima. Kwa nini umwombee msafiri mlima?

Wengi tumejibu kwamba ni fumbo la kishairi, eti ardhi inapanda ili mguu usichoke. Wengine husema ni sala ya Mtakatifu Patrick. Patrick aliishi karne ya 5, na maandishi yake mawili yaliyobaki ni ya Kilatini. Baraka hii haimo. Na fumbo halipo. Kiayalandi husema *Go n-éirí an bóthar leat*, yaani safari yako na ifanikiwe. Kwa Kiswahili tungesema "safari njema", basi.

Kiini ni kitenzi *éirigh*, ambacho ndani ya baraka kimekuwa *éirí*. Kikiwa peke yake ni kuinuka: *d'éirigh sé*, aliinuka. Kikishikana na kihusishi *le*, "na", kinakuwa kufaulu: *d'éirigh leis*, alifaulu. Linganisha "awe mwalimu" na "awe na mwalimu". Kitenzi ni kilekile, ila mfasiri akiiruka "na", mwanafunzi amegeuka mwalimu. Inavyoelekea ndivyo barabara ilivyopata kuinuka kwa Kiingereza. *Buail* nacho ni hivyohivyo: *bhuail mé é* ni nilimpiga, *bhuail mé leis* ni nilikutana naye. Hapo kuruka kihusishi kunaweza kuleta ugomvi.

*Leat* ni *le* na *tú* vilivyoungana, sawa kabisa na "na" na "wewe" kuwa "nawe". Ndiyo maana kuna *liom* (nami), *leis* (naye), *linn* (nasi), *libh* (nanyi), *leo* (nao). Inapendeza kuona lugha mbili zisizo na undugu zikifanya jambo moja.

Neno *bóthar*, barabara, lenyewe limetokana na *bó*, ng'ombe. Kamusi ya kale ya Kiayalandi inayohusishwa na Askofu Cormac, aliyefariki mwaka 908, hupima upana wake kwa ng'ombe wawili, mmoja amesimama kwa urefu wa njia na mwingine amekingama.

Ukitaka kuitumia baraka hii, *th* ya *bóthar* hutamkwa kama h. Kwa anayekwenda kwenye mtihani acha barabara, sema *go n-éirí leat*. Kwa wasafiri wawili au zaidi, *leat* inakuwa *libh*.